Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi: Stashahada Siyo Mwisho



  

Habari za hisa na mikopo Mweka Hazina ameshazisoma, hatutazirudia. Tuna jambo moja tu ambalo Kamati imeona liletwe mbele yenu. Nalo ni Mfuko wa Elimu, hasa kwa watoto wetu waliomaliza stashahada na sasa wanataka kwenda Chuo Kikuu.

Akina mama, wengi wetu humu tuliingia darasa la kwanza wakati wa Elimu ya Msingi kwa Wote, iliyoanza mwaka 1977. Tukafika darasa la saba, basi. Baada ya hapo ni jiko, ni mtoto, ni genge. Ndiyo maana tulipoanzisha kikundi mwaka 2015 tulisema mtoto wa mwanachama asirudishwe nyumbani kwa ajili ya ada. Neno hilo tumelishika. Soko letu la Kariakoo lilipoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, wapo wenzetu waliobaki na funguo tu mkononi. Lakini Mfuko wa Elimu haukuguswa. Wanachama walikubali kukosa mgao wa mwisho wa mwaka kuliko kuwatoa watoto chuoni.

Sasa kanuni yetu inasema mtoto atakopeshewa ada "mpaka amalize chuo". Wakati ule watoto wetu walikuwa bado wadogo. Leo wamemaliza chuo, vyeti vya stashahada wanavyo, na wanasema bado. Mzazi anauliza, bado nini tena jamani?

Tulieleze jambo hili polepole. Kwenda Chuo Kikuu kuna njia kuu mbili. Moja ni ya kidato cha sita. Ya pili ni kutoka kidato cha nne kwenda chuo, unachukua astashahada, halafu stashahada, ndipo unaomba shahada. Watoto wetu wengi wamepita hii ya pili. Wako watu mtaani wanasema eti ni njia ya waliofeli. Si kweli. Tume ya Vyuo Vikuu inaitambua na imeiwekea masharti yake, na masharti hayo mzazi ayajue mapema, siyo siku ya kuomba nafasi.

Kwanza, cheti cha kidato cha nne bado kinaulizwa. Kwa kawaida zinatakiwa alama za kufaulu zisizopungua nne, D kwenda juu. Cheti hicho msikifungie maandazi.

Pili, stashahada yenyewe iwe na wastani wa 3.0 au zaidi. Kozi za afya na za ualimu zina vipimo vyake. Mtoto anayesema "nimepita tu, mama" aulizwe amepita na ngapi, tena aulizwe tangu mwaka wa kwanza.

Tatu, chuo kiwe kimesajiliwa na NACTVET, Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. Baraza hilo ndilo linalotoa namba ya uhakiki wa cheti, na bila namba hiyo maombi ya Chuo Kikuu hayaendi. Mwenzetu mmoja, muuza dagaa, alilipa ada mwaka mzima katika chuo chenye kibao kizuri barabarani, kumbe usajili hakina. Fedha ile haikurudi. Tangu siku hiyo Kamati haitoi mkopo mpaka jina la chuo lionekane katika orodha ya Baraza.

Nne, kozi ifuatane na shahada anayoitaka. Aliyesoma uhasibu asitegemee kupokelewa uuguzi.

La tano ndilo linalotuumiza. Mwenye stashahada akipokelewa, kwa kawaida anaanza mwaka wa kwanza pamoja na waliotoka kidato cha sita. Miaka aliyosoma imemfungulia mlango, lakini haimpunguzii ngazi. Kwa hiyo mzazi aliyekwisha kulipa miaka mitatu anaambiwa ajiandae kwa mingine mitatu, na kozi nyingine minne. Hapo ndipo baba anasema inatosha, atafute kazi.

Na hapa tuseme wazi, maana tuko wenyewe. Fedha zikiwa chache, wa kiume anaambiwa aendelee, wa kike anaambiwa stashahada inamtosha, ataolewa. Mwaka huu wako mabinti wawili wa kikundi hiki wenye wastani unaotakiwa. Mmoja anapanga vitenge dukani mtaa wa Congo, mwingine anamsaidia mama yake kupika. Kazi si aibu, sisi wenyewe ndizo zilizotulea. Lakini mlango uko wazi na wao wanakosa nauli ya kuufikia.

Tusidhani Chuo Kikuu ni kitu cha mbali. Kile cha Dar es Salaam, ambacho leo tunakiita Mlimani, kilianzia hapa hapa, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, mwezi Oktoba 1961, na kilianza na wanafunzi wasiofika 20. Mwaka 1964 ndipo kikahamia mlimani. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1960 Mama Julie Manning alisoma sheria katika chuo hicho, na baadaye akawa Waziri wa Sheria. Mtaa wetu ulikilea Chuo Kikuu kabla hakijapanda mlima. Kwa nini binti wa mtaa huu aishie kukisikia?

Wako wanaosema Mfuko ni wa wote, haifai mtoto mmoja ale mara mbili. Hoja hiyo ni ya haki na Kamati haikuidharau. Ndiyo maana tunapendekeza hivi: watoto wa mara ya kwanza watangulie siku zote. Anayekwenda Chuo Kikuu apewe mkopo mdogo tu, wa maombi, nauli, godoro na chakula cha mwanzo. Wadhamini wawe wanachama wawili. Mzigo mkubwa wa ada uombwe Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, ambayo hupokea pia maombi ya wenye stashahada. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA mapema, msingoje wiki ya mwisho. Na kwa anayefanya kazi, kuna Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, anasoma huku anauza.

Bodi inaweza kumpa mtoto ada yote, au nusu, au imnyime. Kwa hiyo mzazi asikae na tumaini moja. Aweke akiba yake ya elimu kila wiki, hata kama ni ya kitunguu kimoja kimoja.

Wanachama wenzetu, pendekezo hili litapigiwa kura katika Mkutano Mkuu. Anayelipinga aje aseme, atasikilizwa. Wafadhili na majirani zetu tunawaomba kitu kimoja: mkiwa na kazi ya muda kwa watoto hawa wakati wa likizo, wakumbukeni.

Sisi tuliishia darasa la saba kwa sababu ya wakati wetu. Watoto wetu wasiishie stashahada kwa sababu ya kanuni tuliyoiandika wenyewe. Kanuni ni yetu, na kalamu tunayo.