TUANZE NA MANENO YARUDIWAYO

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyewajaalia wanadamu ndimi mbalimbali ziwe ni dalili ya uwezo wake. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Mtume Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, nawausia ninyi, nami najiusia nafsi yangu, tumche Mwenyezi Mungu. Khutba yetu ya leo yahusu jambo tulitendalo kila siku: tunasali kwa lugha ambayo wengi wetu hatuifahamu.

Atimizaye sala tano husali rakaa 17 za faradhi kwa siku, na katika kila rakaa ipo Alfatiha. Kwa mwaka wa Kiislamu wa siku 354, hiyo ni zaidi ya mara 6,000. Mzee aliyesali miaka hamsini keshaisoma kiasi cha mara laki tatu, na huenda hajapata kuulizwa neno "sirat" maana yake nini. Sala yake ni sala, wala hatumdharau. Lakini mja azungumzaye na Mola wake mara zote hizo, je, hapendezewi kujua alisemalo?

Wengi hujibu: "Kiarabu ni bahari, nasi umri umekwenda." Ni kweli kuwa ni bahari. Lakini fikirini jinsi mtoto wa Handeni aliyelelewa kwa Kizigua, au wa Korogwe aliyelelewa kwa Kisambaa au Kibondei, anavyokipata Kiswahili. Haanzi na majina ya nyota. Huanza na maji, njoo, nipe, leo, hapana. Ndivyo walivyofanya pia watu waliotoka mikoa ya mbali kuja kukata mkonge katika mashamba ya Korogwe: walishika kwanza maneno ya kazi, ya posho na ya kusalimiana, na mengine yakafuata.

Tena maneno ya kila siku ndiyo yadumuyo. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa utumwani hadi Somalia, wakakaa kando ya mto Juba. Baada ya vita vilivyozuka huko mwaka 1991, baadhi ya wajukuu wao walikimbilia Tanzania, wakapokewa wilayani Handeni. Walikuja na Kizigua chao, nacho kilikuwa hai bado, wakaweza kusemezana na wenyeji. Lugha iliyosemwa jikoni na shambani haikupotea kwa zaidi ya miaka mia.

Sasa tutazame Kurani Tukufu. Maneno yake ni zaidi ya 77,000, lakini mengi hurudiwa. Neno "min", yaani kutoka au miongoni mwa, limekuja zaidi ya mara 3,000. "Fi" ni katika. "Ala" ni juu ya. "Inna" ni hakika. "Alladhina" ni wale ambao. "Qala" ni alisema. Ajuaye machache haya atakutana nayo karibu katika kila ukurasa, na kila akutanapo nayo yatazidi kukaa moyoni.

Na Mswahili hakuanza mikono mitupu. Kitabu, rehema, nafsi, adhabu, neema, nuru, hesabu na haki ni maneno tuliyo nayo nyumbani. Lakini tahadharini, kwani maneno mengine yamegeuka maana njiani. Sisi tukisema "dini" twakusudia imani na ibada. Katika Alfatiha, siku ya "din" ni siku ya malipo. Tukisema "fitina" twafikiria uchongezi. Katika Kurani, mara nyingi ni mtihani. Kwa hiyo ajuaye maneno mia asijifanye mfasiri. Huenda neno moja lililokuja mara moja tu ndilo lililobeba maana ya aya nzima. Aulize wanavyuoni, na aitazame tafsiri, kama ile ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy iliyotimia mwaka 1969.

Imepokewa kwamba Zaid bin Thabit (r.a.), alipoamrishwa na Mtume ajifunze maandishi ya Mayahudi ili amsomee barua zao, aliyajua kabla ya kupita nusu mwezi. Alikuwa kijana mwenye akili nyepesi, na alikuwa na haja iliyo wazi. Nasi haja yetu i wazi: kuifahamu sala.

Enyi wazazi, nanyi wanafunzi wa vyuo, Alfatiha pamoja na Bismillahi ina maneno 29. Yaliyorudiwa mkiyahesabu mara moja, hubaki 23 tu. Jifunzeni manne kila siku baada ya Magharibi, kuanzia kesho Jumamosi. Hata ifikapo Alhamisi mtakuwa mmeyamaliza yote. Mtoto aliyesoma chuoni amsomeshe bibi yake, wala bibi asione haya kumwuliza mjukuu. Kisha mwende kwenye Kulhuwallahu na sura nyingine fupi mzisomazo katika sala.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atufungulie fahamu zetu, awarehemu walimu wetu waliotangulia, na azikubali sala zetu, za ajuaye na za ajifunzaye. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.