Anayelipa ni Mmoja, Tunaowapita Juu ni Mtaa: Kulinda Jina la Kampuni Ndogo ya Droni



Mada yangu ni jina jema la kampuni ndogo ya droni, katika zama ambazo posti moja inaweza kulibomoa kati ya asubuhi na adhuhuri. Kampuni ninazozikusudia mnazijua. Ni vijana wawili au watatu, droni moja au mbili, sanduku la betri na kompyuta ya kuunganishia picha. Jumamosi wanapiga video ya harusi Bagamoyo, wiki inayofuata wanapima shamba la miwa Kilombero, kisha wanakagua paa la ghala Tanga. Hawana duka wala kibao barabarani. Ukurasa wao wa Instagram ndio duka, na WhatsApp ndiko wanakoelewana bei. Jina likichafuka humo, hawana mlango mwingine wa kumpokelea mteja.

Hoja yangu ni hii. Fundi cherehani huhukumiwa na mteja aliyeshonewa nguo. Rubani wa droni huhukumiwa na mteja, na pia na watu ambao hawakumwita, hawakumlipa, wala hawamjui: mama anayeanika nguo uani, mzee aliyeketi barazani, mwalimu anayesikia mlio juu ya darasa lake. Anayelipa ni mmoja, wanaopitiwa juu ni mtaa mzima. Kampuni inayojali jina lake mbele ya mteja peke yake imelinda nusu ya jina hilo, na nusu iliyoachwa ndiyo inayowaka moto mitandaoni.

Hofu ni kongwe kuliko droni

Tusiwadharau wanaoogopa. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu uvumi wa zama za ukoloni Afrika Mashariki na Kati, alichunguza simulizi za mumiani na za wazimamoto waliodaiwa kukamata watu na kuwanyonya damu. Hakuzitupa kama upuuzi. Alizisoma kama ushahidi wa jinsi watu walivyoyaelewa maisha yao chini ya utawala wa kigeni. Mimi nachota humo somo moja kwa ajili ya kazi yetu. Chombo kikiwa kigeni, mwenyewe akiwa hajulikani na nia yake haijatajwa, watu hujitafutia maelezo wenyewe. Lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Droni ina yote matatu. Ni chombo kigeni kinachovuma kama nyuki, anayeiongoza haonekani, na jicho lake halisemi linatafuta nini. Wala hofu hii si ya kwetu peke yetu. Desemba 2018 uwanja wa ndege wa Gatwick, kusini mwa London, ulisimamisha safari baada ya watu kuripoti kwamba wameona droni. Safari zipatazo 1,000 na abiria wapatao 140,000 waliathirika. Polisi wakawakamata mume na mke waliokuwa wakiishi mji wa jirani, kwa kuwa mume alikuwa mpenzi wa vyombo vidogo vya kurusha, na picha zao zikajaa magazetini. Mwajiri wake akasema wazi kwamba siku hizo alikuwa kazini. Wakaachiwa bila mashtaka, na mwaka 2020 polisi walikubali kuwalipa pauni 200,000, gharama za kesi zikiwemo. Mpaka uchunguzi unafungwa, hakuna aliyefikishwa mahakamani.

Ushahidi wa kumsafisha mtu huyu ulikuwepo tangu mwanzo, lakini kelele ziliutangulia. Hapo ndipo kampuni ndogo inapopaswa kuanza kufikiri.

Akiba haiozi

Rubani wa droni ana bahati ambayo wafanyabiashara wengi hawana: chombo chake huandika. Droni nyingi zilizopo sokoni huhifadhi saa ya kupaa na kutua, njia iliyopitwa, kimo, hali ya betri na pembe ya kamera. Kumbukumbu hizo mara nyingi hubaki kwenye simu au rimoti, na simu ikiibwa au programu ikifutwa, zimepotea. Zihamishwe siku hiyohiyo. Ziwekwe faili moja na nakala ya kibali, mkataba wa mteja, ruhusa ya mwenye eneo, jina la rubani na msaidizi wake, pamoja na picha asilia kabla hazijahaririwa. Tanzania ina kanuni za droni za mwaka 2018 zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na Kenya ina zake za mwaka 2020. Kuzifuata ni wajibu. Kuweza kuthibitisha kwamba ulizifuata siku fulani, saa fulani, mahali fulani, ndiyo ngao.

Tuchukue mfano. Mama anaandika Facebook kwamba droni ya upimaji imewapiga picha binti zake uani. Kampuni inajibu kwamba si kweli. Hapo ni neno kwa neno, na umma utamwamini mama. Sasa leta hesabu. Droni ya aina ya Phantom 4 Pro ikiwa kimo cha mita 100, kila nukta ya picha yake hufunika takriban sentimita 2.7 ardhini. Uso wa mtu, wenye upana wa sentimita 15 hivi, hupata nukta tano au sita tu, na kwa kamera inayotazama chini moja kwa moja, kinachoonekana zaidi ni utosi. Mtu hatambuliki. Rubani anayeyajua haya, akamwalika mama huyo na mwenyekiti wa mtaa waje kuitazama picha yenyewe, amefanya zaidi ya kujitetea, kwa sababu amemheshimu aliyelalamika.

Hesabu hiyohiyo humbana rubani pia. Droni hiyo ikishuka mpaka mita 15, kila nukta inakuwa chini ya nusu sentimita, na uso unaanza kutambulika. Kamera yenye uwezo wa kuvuta karibu hufanya hivyo hata kutoka juu zaidi. Hapo hofu ya mama ni ya haki, na hakuna ufundi wa maneno utakaoifuta. Ndiyo maana nasema jina hulindwa kwanza kwa namna ya kuruka.

Na lililo bora kuliko ushahidi ni taarifa inayotangulia. Mwenyekiti wa mtaa, au sheha kwa Zanzibar, apewe habari mapema. Ujumbe wa sauti utumwe kwenye kundi la WhatsApp la mtaa siku moja kabla: sisi ni fulani, kesho saa tatu asubuhi tutarusha droni kwa dakika arobaini kupima mfereji, mwenye swali apige namba hii. Rubani avae kizibao chenye jina la kampuni na asimame mahali anapoonekana. Mradi wa ramani wa Zanzibar ulioanza mwaka 2016 uliwafundisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kurusha droni za mradi, na picha zake zikawekwa wazi kwa umma. Chombo kikirushwa na kijana ambaye watu wanamjua, na matokeo yake yakaonekana na kila mtu, uvumi hukosa pa kushika.

Tangazo lisigeuke shtaka

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa kampuni changa isiyojulikana, kazi nzuri lazima ioneshwe, na mitandao ndiyo njia nafuu. Lakini kinachooneshwa kina watu ndani yake. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na klabu moja ya burudani shilingi 1,850,000 kwa kuweka mitandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Hizo hazikuwa kampuni za droni, ila sheria haiulizi kama kamera ilishikwa mkononi au ilikuwa angani. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume ya kuisimamia.

Kwa hiyo mkataba uwe na kifungu kinachojitegemea kuhusu matangazo. Bibi harusi amelipia video yake. Hakulipia tangazo lako, na wageni wake hawakulipia lolote. Aulizwe, na akikataa, aheshimiwe bila kuongezewa bei. Kwa kazi za upimaji, onesha ubora wa ramani bila kuonesha nyumba ya mtu, namba ya gari au mpangilio wa ulinzi wa ghala. Na video ya droni ikipita karibu mno juu ya umati wa watu isiwekwe kabisa, hata ikiwa itavuta watazamaji elfu kumi. Anayeitazama kwa utulivu anaona kampuni inayochezea maisha ya watu kwa ajili ya kusifiwa.

Namna ya kujibu

Malalamiko yatakuja, hata kwa aliye mwangalifu. Uzito wake si mdogo. Michael Luca, wakati huo akiwa Harvard, katika utafiti wake wa mwaka 2011 kuhusu migahawa ya Seattle, alikuta kwamba ongezeko la nyota moja kwenye tovuti ya maoni ya wateja liliambatana na ongezeko la mapato la asilimia 5 hadi 9, na kwamba athari hiyo iliiangukia migahawa inayojitegemea, si ile ya makampuni makubwa yenye majina. Asiye na jina kubwa hupimwa kwa nyota zake.

Davide Proserpio na Georgios Zervas nao, mwaka 2017, walionesha kwamba hoteli zilizoanza kuwajibu wateja mtandaoni zilipanda nyota kidogo. Maoni mabaya yalipungua, lakini yale yaliyobaki yakawa marefu zaidi. Naona sababu ina mantiki: mtu akijua atasomwa na kujibiwa, haandiki tusi la maneno mawili, anaeleza. Na maelezo yana kitu cha kurekebisha.

Jibu jema ni fupi na lina adabu. Kwa mfano: “Dada, pole kwa usumbufu. Siku hiyo tuliruka eneo hilo kwa kibali. Tunapitia kumbukumbu za safari na tutakujibu hapahapa kesho kabla ya saa kumi jioni. Ukipenda, tutafika pamoja na mwenyekiti wa mtaa uzitazame picha mwenyewe.” Kisha ahadi hiyo itimizwe, hapohapo, mbele ya walewale waliosoma lawama. Kosa likithibitika, litajwe kwa jina lake na fidia itolewe. Kamwe ushahidi usichapishwe kwa namna inayomwanika mlalamikaji au nyumba yake, kwani hapo kampuni itakuwa imetenda jambo lilelile iliyotuhumiwa nalo. Wala isinunue nyota za uongo. Marekani ilizipiga marufuku kwa kanuni maalumu mwaka 2024, na hata pasipo kanuni, mtaa unawajua wateja wako.

Vitisho vya wakili viwe hatua ya mwisho, kwa uongo wa makusudi unaoendelea baada ya ukweli kuwekwa wazi. Mwaka 2003 mwimbaji Barbra Streisand alidai dola milioni 50 kwa sababu ya picha ya pwani ya California iliyopigwa kutoka angani na kuonesha nyumba yake. Kabla ya kesi picha hiyo ilikuwa imepakuliwa mara 6 tu. Habari za kesi zilipoenea, watu zaidi ya 420,000 waliitembelea tovuti yenye picha hiyo ndani ya mwezi mmoja, na kesi akashindwa.

Wajibu wetu

Marubani, kabla ya kuuliza mteja atasema nini, ulizeni walio chini watasema nini, na muwaambie mapema. Undeni vyama vya mikoa vyenye kanuni moja ya maadili, ili mwenzenu akisingiziwa pawe na watu wa kumthibitisha, na akikosea pawe na wa kumwajibisha. Vyuo vyetu vinavyofundisha upimaji na upigaji picha vifundishe pia utunzaji wa kumbukumbu, sheria ya taarifa binafsi na lugha ya kumjibu mlalamikaji. Wakazi nao wana haki ya kuuliza, na haki hiyo huanza kwa kumtafuta rubani au mwenyekiti wa mtaa kabla ya kubonyeza kitufe cha kusambaza.

Sekta hii inaajiri vijana wetu, inapima mashamba yetu na kuchora mifereji inayotuokoa na mafuriko. Itaendelea kuruka kadiri walio chini watakavyoendelea kuiamini. Imani hiyo hainunuliwi kwa mtu wa matangazo. Huchumwa kwa kila safari, na kila rubani anawajibika kwayo kwa niaba ya wenzake wote.