Vigari vya Mbao Mteremkoni

Huku kwetu kwenye milima ya Mbooni na Kilungu, watoto hupanda vigari vya mbao vyenye magurudumu ya beringi. Hata sisi tulivipanda. Breki ni kisigino tu! Mwendo ukizidi mara 2, nafasi ya kusimama huzidi mara 4, kisigino hakiwezi. Kwenye kona mtoto hurushwa nje, pengine mbele ya lori.

Akianguka huficha, akiogopa kiboko. Mama, weka kiboko kando, umuulize: uligonga kichwa? Mwangalie kwa saa 24. Akitapika tena na tena, akisinzia kupita kawaida, akipata degedege, au akitokwa na damu au maji masikioni, mpeleke hospitali usiku huo huo. Usingoje kuche.