Namba 30,240 na Elfu Kumi za Mjane

(Mazungumzo yaliyosomwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Pemba)



Nimeombwa niseme machache juu ya faida ya hesabu katika kazi za serikali. Nitasema juu ya namba moja tu, 30,240. Lakini kwanza nikiri kosa langu.

Nilipotoka Chuo Kikuu, Mlimani, nilipangiwa ofisi moja hapa Pemba, na miongoni mwa kazi zangu ilikuwa kusaidia hesabu za mirathi. Siku moja likaja jalada la marehemu aliyeacha wake watatu, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike, na fedha za karafuu shilingi 6,000,000. Kwa kuwa marehemu ana watoto, fungu la wake ni thumuni, wagawane sawa. Kila mmoja basi ana moja ya 24. Mashine yangu ikanipa 0.041666, sita zisizokwisha. Nikaona tabu, nikaandika 0.04. Msomi huyo!

Mjane mmoja, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, alizihesabu fedha zake akanitazama. "Mwanangu, thumuni ya milioni sita ni laki saba na nusu. Nasi tu watatu. Elfu kumi zangu umeziweka wapi?" Sikuwa na jibu. Shilingi 30,000 zilikuwa zimebaki mezani hazina mwenyewe.

Sheikh aliyekuwapo akanivuta kando. Wajuzi wa mirathi, akasema, hawavunji namba vipande. Huikuza mpaka igawike. Chukua 8 kwa sababu ya thumuni, zidisha kwa wake 3, kisha kwa 5, maana kila mtoto wa kiume ana sehemu mbili na wa kike moja. Unapata 120. Kila mke 5, kila mtoto wa kiume 42, wa kike 21. Hisa moja ni shilingi 50,000, na haibaki hata senti.

Ndipo akanionesha ile mas-ala wanayoiita ya Imtihani: wake 4, mabibi 5, mabinti 7, ami 9. (Mabibi watano! Imetungwa kupima wanafunzi, msiitafute Wete wala Chake Chake.) Asili yake ni 24: wake 3, mabibi 4, mabinti 16, ami hiyo 1 iliyobaki. Hakuna fungu linalogawika kwa wenyewe. Basi 4 mara 5 mara 7 mara 9 ni 1,260; zidisha kwa 24, unapata 30,240. Kila mke 945, kila bibi 1,008, kila binti 2,880, kila ami 140. Hakuna kundi lililofika watu kumi, na hesabu imevuka elfu thelathini.

Usiku ule niliivunja namba hiyo katika namba tasa: 2 mara tano, 3 mara tatu, 5 na 7. Inagawika kwa kila namba toka 1 hadi 10, na vigawo vyake vyote ni 96. Nikavijumlisha: 120,960, yaani 30,240 mara nne kamili! Vigawo vya 6 ukivijumlisha, 1, 2, 3 na 6, unapata 12, mara mbili yake, na kwa ajili hiyo 6 huitwa namba kamilifu. Ya kufika mara nne, hakuna iliyo ndogo kuliko 30,240. Mfaransa René Descartes aliipata mwaka 1638, akitafuta jambo hilo hilo la vigawo, si mirathi ya mtu.

Yule mjane nilimpelekea elfu kumi zake kwa mkono wangu. Alizihesabu tena.

Kidato cha Tatu nawaachia hii: wake 2, mabibi 3, mabinti 5, ami 7. Asili ni 24 ile ile. Nataka fungu la kila mmoja kabla sijaondoka kwenda Mkoani kupanda boti, na mashine za hesabu ziacheni mikobani.