Kiu Inapanda, Kiu Inashuka
(Mazungumzo na vikundi vya kujitegemea, Lumakanda)

 

Leo tungependa tuongee juu ya vijana wetu wanaojaribu kuachana na chang'aa na bangi. Wengi hufikiri kazi imeisha siku kijana anaposema, "Nimeacha." La, ndiyo kwanza imeanza. Saa ngumu ni ile ya jioni: amelipwa kibarua cha kupalilia mahindi, pesa iko mfukoni, na njia ya kwenda nyumbani inapita kwa mama mpishi. Hapo kiu inamshika, mate yanajaa, kifua kinabana.

Tunawafundisha kwamba kiu hiyo haipandi mpaka mbinguni. Inapanda, inafika kileleni, halafu inashuka, mara nyingi katika muda wa kama nusu saa, hata asipokunywa. Alan Marlatt, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, aliifananisha na wimbi la bahari. Sisi huku Lugari bahari hatuna, kwa hivyo tunasema ni mvua ya alasiri: jikinge, itapita.

Lakini kungoja nako kunafunzwa. Tunakaa duara, kimya. Kila mmoja anafuata pumzi yake ikiingia na ikitoka. Mawazo yakikimbilia pombe, asijigombeze. Ayaone tu, arudi kwenye pumzi. Kisha tunauliza: kiu unaisikia wapi mwilini? Mmoja atasema kooni, mwingine tumboni. Akishajua inakokaa, haichukui tena kama amri. Dakika kumi zinatosha kwa kuanza.

Kuna wazazi huuliza kama hii si dini ya kigeni. Ni kweli asili yake ni Wabudha wa Asia, lakini Jon Kabat-Zinn aliyaingiza mazoezi hayo hospitalini Marekani mwaka 1979 bila mambo ya dini. Na Mkatoliki aliyezoea kunyamaza mbele ya Ekaristi, kwa maoni yetu, hataona ugeni mkubwa.

Baada ya kimya wanaongea. Aliyeteleza hatumwulizi "kwa nini?" maana hapo atatoa uongo au machozi. Tunamwuliza: ilikuwa saa ngapi, ulikuwa na nani, mfukoni kulikuwa na nini? Majibu hayo ndiyo yanaonyesha kazi yenu. Kijana akikubali, kikundi kimwekee pesa zake mpaka asubuhi. Mwanakikundi mmoja atembee naye jioni mpaka nyumbani. Hilo la pili halina gharama, na ndilo tunalolikosa zaidi.

Tahadhari moja, tafadhali. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiachishwe ghafla nyumbani, hata kwa maombi. Anaweza kupatwa na kifafa na kufa. Mpelekeni hospitali ya Lumakanda kwanza. NACADA nao wana simu isiyolipiwa, 1192.

Kikundi chenye watu watano walio tayari kutembea na vijana jioni kimwambie katekista wake, nasi tutakuja kukaa nao.