SHULE NA KANSA: PANA UHUSIANO GANI?

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo wa Geita na Shinyanga)



Leo tunazungumza juu ya kansa. Wengine huiita saratani. Ni ugonjwa huohuo. Kansa ziko nyingi. Sisi tutaangalia zaidi moja, kansa ya mlango wa kizazi. Kwa makadirio ya mwaka 2020, wanawake zaidi ya 10,000 wa Tanzania waliipata mwaka huo, na zaidi ya 6,000 walikufa kwa ajili yake.

Wataalamu wamechunguza katika nchi nyingi wakaona jambo moja. Mwanamke ambaye hakusoma huipata kansa hii mara nyingi kuliko aliyesoma. Kwa nini? Je, kalamu ni dawa? Hapana. Ugonjwa hauulizi cheti. Basi tufuate njia unayopita, tuone shule inaingia wapi.

Kansa hii huletwa na virusi viitwavyo HPV. Huambukizwa kwa kujamiiana. Watu wengi huvipata, na mara nyingi mwili huvifukuza wenyewe. Kwa wanawake wachache hubaki. Huharibu mlango wa kizazi polepole, miaka 15 hata 20, bila maumivu. Mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI yuko katika hatari mara 6 zaidi, na kwake ugonjwa huja upesi.

Sasa tumchukue msichana wa mfano. Ameacha shule, ng'ombe wa mahari wamekubaliwa, anaolewa na miaka 15. Mlango wake wa kizazi haujakomaa. Anazaa watoto saba au wanane, na kuzaa mara nyingi huongeza hatari. Mumewe anakwenda machimboni, Nyarugusu au Rwamgasa. Anakaa huko miezi mitatu. Anarudi na dhahabu kidogo, na pengine na virusi asivyovijua, kwa sababu mwanamume huweza kuwa navyo bila dalili yoyote. Mke hakutoka nyumbani kwake. Lakini akiugua, watu wanasema alikuwa malaya! Ndugu zetu, maneno haya yanaua. Mama anaona damu, anaona aibu, ananyamaza.

Wako pia wanaosema kwamba ni zebaki ya kusafishia dhahabu. Zebaki ni sumu kweli, huharibu mishipa ya fahamu na figo. Lakini kansa hii haitoki huko.

Msichana huyu wa mfano si wa kubuni tu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa mkoa wa Shinyanga uliongoza kwa ndoa za mapema. (Bukombe, ambayo leo iko Geita, wakati ule ilikuwa Shinyanga.) Karibu wanawake 6 katika kila 10 wenye miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe mzazi akikubali. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho ni kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Kwa hiyo msichana anapokaa darasani hadi miaka 18, hapati hesabu na Kiswahili tu.

Lakini tusidanganyane kwamba aliyesoma hapati kansa. Kansa ya matiti, katika nchi nyingi, huwapata waliosoma zaidi, kwa kuwa huzaa wakiwa wamechelewa na huzaa wachache. Ila hao mara nyingi huenda hospitali mapema, na wengi hupona. Kuchelewa ndiko kunakotumaliza sisi wa vijijini.

Na hapo ninyi mliosoma ukubwani hamjachelewa. Miaka ya 1970 wazee wetu walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza redio na kusoma vitabu vya Mtu ni Afya, kisha wakachimba vyoo. Wengi wao hawakuwahi kuingia shule.

Kupima ni kazi ya dakika chache. Muuguzi hupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi. Palipoanza kuharibika huwa peupe. Mabadiliko madogo hutibiwa kwa kuyagandisha au kuyaunguza kwa joto, kabla hayajawa kansa. Mama mwenye miaka 30 na zaidi asingoje dalili. Mwenye virusi vya UKIMWI aanze mapema zaidi. Na anayeona damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma, aende wiki hiyohiyo. Ugonjwa ukikomaa ni safari ya Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, na hapo mbuzi na mashamba huuzwa.

Kwa wasichana iko chanjo. Ilianza nchini mwaka 2018 kwa wenye miaka 14. Mwaka 2024 ilianza kutolewa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Haizuii kuzaa. Asiyesoma shule naye anastahili, apelekwe zahanati.

Siku ya kikao chetu kijacho tutasoma kadi ya chanjo, mstari kwa mstari. Kila mwenye binti aje na kadi yake. Akina baba, msiwatume wake zenu, njooni wenyewe.