KUCHAGUA CHAMBO CHA TRAUTI WAKATI WA KIANGAZI
(Maneno ya Katibu katika mkutano wa wanaushirika)



Leo tuna neno moja tu: chambo. Mtasema, chambo nacho ni jambo la mkutano? Ndiyo, ni la mkutano. Kiangazi kilichopita mtu alitia utupa katika kile kilindi cha juu pale mtoni. Wote tuliona. Samaki walielea matumbo juu, wakubwa kwa vitoto, na kina mama wakarudi na ndoo tupu. Alipoulizwa akajibu kwamba trauti wa kiangazi hawali ndoana. Jamani, tusidanganyane. Wanakula, ila hatujui kuwachagulia.

Kwanza tumjue samaki mwenyewe. Trauti ni mgeni. Mwaka 1905 waliletwa Kenya, wakapandikizwa katika mto Gura, na baadaye wakaletwa na huku kwetu nyanda za juu kusini. Asili yao ni nchi za baridi. Maji yakizidi joto la nyuzi 20 hivi, hamu yao ya kula hupungua, maana maji yenye joto hushika hewa kidogo. Kwa hiyo kiangazi hukimbilia chini ya maporomoko, penye kina na kivuli. Tuwafuate huko alfajiri na jioni. Saa saba mchana tuwe shambani.

Sasa chambo chenyewe:

1. Maji ya kiangazi ni machache tena maangavu, na trauti anaona vizuri sana. Chambo kiwe kidogo na mshipi uwe mwembamba. Kile kibati kikubwa cha kung'aa tunachotumia mvua ikichafua maji, sasa kinamfukuza.

2. Kibati cha kuzunguka kiwe kama ukucha wa kidole cha mwisho, rangi iliyofifia, ya shaba au kahawia. Kukiwa na mawingu, au jua likizama, ndipo tujaribu cha rangi ya fedha.

3. Tuige anachokula. Wakati huu panzi na wadudu wengine huanguka majini kutoka kwenye majani ya kingo. Basi tufunge manyoya ya kuku, ya kahawia, juu ya ndoana ndogo, mpaka ifanane na mdudu. Manyoya tunayo, hatuendi kuyanunua.

4. Trauti hukaa kichwa kikielekea maji yanakotoka. Tumwendee kwa nyuma, tumeinama, kivuli chetu kisianguke majini. Chambo tukitupe juu yake, kishuke na mkondo chenyewe kama mdudu aliyeanguka. Tukikivuta mbiombio atajua ni uongo.

Na samaki mdogo tumrudishe, kwa mikono iliyolowa, upesi. Siku maji yakiwa na joto sana tuache kabisa kuvua, kwa kuwa hata tunayemrudisha huweza kufa kwa kuchoka.

Ndugu zetu, ndoana humchukua mmoja, wengine wakabaki wakazaa. Utupa hauchagui. Unaua mzazi, mtoto, na hata vidudu ambavyo ndivyo chakula chao. Mwenye kutia utupa anakula siku moja, na kijiji kizima kinakaa na njaa ya kitoweo msimu mzima. Tena Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu. Asije mtu akasema hakuambiwa.

Basi tumekubaliana hivi: Jumamosi jioni tukutane hapa ghalani, wanaojua kufunga chambo wawafundishe wasiojua. Kila mmoja aje na manyoya ya jogoo na uzi. Na yule ndugu wa utupa tunamkaribisha naye, akae mbele, ajifunze. Kumfukuza hakutaturudishia samaki.

Asiyejua kusoma asomewe na jirani yake.